Bwana afya haangalii vitambaa vya kochi

Kwenye shule niliyosoma bweni, ukaguzi wa usafi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Kiranja wa usafi alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote: kupitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, mahali ambapo mtu hafiki mpaka apande kitanda cha juu, halafu anakigeuza taratibu kutuonyesha. Kikiwa na vumbi, bweni zima linaanza upya: kufagia, kumwaga maji, kupiga deki, kukausha. Mashuka yalitandikwa yakabana kona, matranka yakanyooshwa mstari, ndoo zikalazwa kifudifudi chini ya vitanda. Nyuma ya bweni hilohilo kulikuwa na vyoo ambavyo maji yakikatika Jumatano yanarudi Jumatatu, na sabuni ya kunawia mikono sikumbuki kuiona hata siku moja. Huko hakuna kidole kilichopita.

Shule nimeiacha zamani, kiranja hajaniacha. Amebadilisha sura tu. Siku hizi anaitwa wifi, anaitwa mama mkwe, anaitwa jirani wa ghorofa ya juu mwenye tabia ya kuchungulia mlango ukiwa wazi. Na sasa amehamia hata kwenye simu: sebule za watu zenye kochi jeupe, kapeti jeupe, na mtoto wa miaka miwili amekaa katikati kavaa nyeupe, hana hata tone la uji kifuani. Yule mtoto namuonea huruma kwelikweli.

Wifi hupiga simu akiwa ameshafika Buguruni. "Tukasema tusipite bila kuwasalimia." Buguruni mpaka kwetu Tabata, kama barabara haina foleni, ni muda wa kuchemsha chai. Hapo nyumba nzima inasimama. Nguo zilizoanuliwa zinakumbatiwa kwa mkupuo mmoja na kutupwa kitandani. Midoli inasukumwa kwa mguu chini ya kochi. Daftari, chaja, chupa za maji za shule, soksi moja isiyo na mwenzake, vyote vinaingia kwenye beseni, beseni linaingia chumbani, chumba kinafungwa kwa ufunguo. Masufuria machafu yanapandishwa ndani ya oveni. Kisha mlango unafunguliwa na mwenye nyumba, jasho likimchuruzika, anasema lile tunalosema wote: "Karibuni jamani, mtusamehe nyumba iko ovyo." Tunalisema hata kama marumaru imepigwa deki mpaka ukicheka unayaona meno yako. Mgeni naye anajibu, "Aa, mbona pasafi tu," huku macho yake yameshapanda kwenye panga boi.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Kwangu mwenyeji hupona kweli, maana akiinama kusukuma midoli anakutana na rimoti aliyoitafuta wiki nzima.

Ugomvi na usafi sina. Nimezaliwa na mwalimu wa shule ya msingi kule Muheza, mwanamke ambaye mpaka leo akila chungwa anakusanya mbegu kiganjani badala ya kuzitema uani. Ninayegombana naye ni mkaguzi. Tumemchukua yule wa kidole tukampa funguo za nyumba, na tumemsahau mwingine ambaye ndiye alikuwa na shughuli ya maana: bwana afya.

Waliokua vijijini au mitaa ya pembeni wanamkumbuka. Alikuja na baiskeli na daftari. Alipiga hodi uani, akamsalimia mama, akapewa kiti, na mara nyingi hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Choo kipo? Tundu lina mfuniko? Nzi wanaingia na kutoka? Shimo la taka liko umbali gani na jiko? Kisha mtungi wa maji ya kunywa: umefunikwa? Kata ya kutekea ina mpini, au mtu anazamisha mkono mzima? Kisha majani kuzunguka nyumba, vikopo na vifuu vilivyokinga maji ya mvua. Aliandika, akashauri, siku nyingine akakaripia, akaondoka. Mama alikuwa na vitambaa vya kochi alivyofuma mwenyewe kwa mkono, vyenye maua ya waridi kwenye pembe, na kila kimoja kilikuwa kimetiwa wanga kikakauka kwa adabu. Bwana afya hakuwahi kuviona. Sebuleni hakuwa na shida napo.

Mama hakushangaa, kwa sababu elimu hiyo alishaipata mapema. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka hapo kwenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufunika visima, kuchemsha maji. Mama alikuwa msichana tu, na anachokikumbuka ni wazee kugombania nani akae karibu na redio, na shimo la choo ambalo baba yake alilichimba na kuligomea kulitumia kwa muda kwa sababu lilikuwa mbele ya nyumba ya shemeji yake. Ile kampeni haikuwa na somo la kutandika kitanda. Walijua rasilimali ya mkulima ni mikono na muda, wakauliza: kwa mikono hii na muda huu, tufanye lipi ili watoto wasife kwa kuhara?

Swali hilo ndilo nimelichukua nikalileta kwenye nyumba ya vyumba vitatu Tabata, yenye watu wazima wawili wanaotoka asubuhi kabla ya jua na kurudi na giza, watoto watatu, na maji ya bomba yenye ratiba yake. Mikono iko mingapi, muda ni kiasi gani, na lipi likiachwa litatulaza hospitali?

Nianze na pipa la maji, maana ndilo lililonifumbua macho.

Dar kila nyumba ina akiba ya maji. Mwenye nafasi ana simtanki, mwingine pipa, mwingine diaba na madumu. Sasa homa ya dengi ilipoupiga mji huu mwaka 2014, na tena 2019, mbu anayeieneza hakuwa yule wa mtaroni. Huyu anaitwa Aedes, na hapendi maji machafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia, tena karibu na watu: pipa la bafuni, kisahani chini ya chungu cha maua, tairi nyuma ya gereji, trei iliyo nyuma ya jokofu ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi naye. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi, zaidi kidogo kukiwa na baridi.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni hili: mayai hayako ndani ya maji. Mama mbu anayabandika kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na yakishabandikwa yanaweza kukaa makavu kwa miezi na yasife. Ukimwaga maji ukaacha pipa lianikwe juani, unajiona umemaliza kazi. Siku unalijaza, maji yanayafikia mayai, na baada ya siku chache unaona viluwiluwi vinacheza. Kumwaga peke yake hakutoshi. Unatakiwa kusugua ukuta kwa ndani, kwa brashi au dodoki gumu, angalau mara moja kwa wiki, kisha usuuze, ujaze, ufunike.

Haya, tazama mwanamke wa Kitanzania anavyosugua sufuria kwa nje. Stilwaya, majivu, mchanga kidogo, sabuni ya kipande, mkono unakwenda mpaka bega linauma, mpaka sufuria ya kupikia maharage juu ya mkaa inang'aa kana kwamba imetoka dukani leo. Mtaani kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake zinavyoonekana zikianikwa kwenye kichanja. Nguvu ileile ya bega, stilwaya ileile, dakika zilezile, vingeingia ndani ya pipa. Masizi ya nje ya sufuria hayajawahi kumuumiza mtu. Hayaingii kwenye maharage, hayaumi mchana.

Visahani vya maua nimevitoa vyote. Wageni wanaopenda maua wanayakuta uani, kwenye udongo.

Jikoni nako nimepanga upya kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Vyombo kulala kwenye sinki usiku mmoja siyo msiba, japo mende watashukuru. Nikiweza navisuuza mabaki, nikishindwa navilaza na maji ya sabuni na tunaonana asubuhi. Nisichoruhusu ni wali kulala juu ya jiko. Kiporo na chai ni haki ya kila mtoto wa pwani na sitakipiga marufuku nyumbani kwangu, lakini kiporo kinalala kwenye jokofu, na kinaingia mapema, hakisubiri tamthilia iishe. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto letu hili usiku kucha, zinachipua na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haifi hata uuchemshe wali upya mpaka ushike ukoko. Watu wanasema "tumbo limechafuka tu," wanalaumu maembe.

Halafu lile tambara la jikoni. Unalijua. Asubuhi lilifuta meza, mchana likafuta maji ya kuku, jioni likafutia sahani za watoto, na sasa limejikunja kwenye ukingo wa sinki, linatoa harufu kidogo. Jiko zima likiwa linameta na tambara hilo likiwepo, afadhali usingefuta kabisa. Kwangu matambara ni vipande vya kanga na fulana zilizochakaa, viko vingi kwenye kikapu, kikitumika kwa nyama kinakwenda kwenye nguo chafu, na vyote vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa palipo na jua. Jua la Dar ni la bure, tulitumie.

Na bakuli la kunawia. Jamani. Shughuli imefana, pilau limeiva, bakuli la maji linazunguka kwenye mkeka, wa kwanza anatia vidole, wa pili anatia vidole, wa sita ananawa supu ya mikono ya watano. Bibi zetu wa pwani walikuwa na birika na beseni, kijana anamimina, maji yanapita juu ya mikono na kudondoka. Walikuwa sahihi. Ongeza sabuni tu.

Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar mwezi wa Agosti, hatukuhitaji mtu wa kutuambia tofauti ya mapambo na uhai. Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba mwaka huo akataka nchi nzima ifanye usafi, na mwenyewe akaonekana akizoa taka jirani na Ikulu. Kilichozolewa siku ile ni mifereji iliyoziba, madampo ya pembeni ya masoko, maji yanayonuka. Mtaani kwetu tulitoka wote na majembe, na mama mmoja ambaye siku zote hutuambia nyumba yake haina hata unywele chini, tukagundua kwamba bomba lake la maji machafu lilikuwa likimwaga kwenye mfereji wa wazi nyuma ya ukuta. Nyumba njema si mlango, ndiyo, ila ukishaingia ndani zunguka pia na nyuma.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hatupendi kuusema kwa sauti. Ile nyumba inayong'aa tuliyokulia, ile tunayoipigia mfano tukiwaambia mabinti zetu kwamba enzi zetu uvivu haukuwepo, iling'arishwa na nani?

Kwetu alikuwepo binti aliyeletwa kutoka kijijini, mkubwa kwangu kwa miaka michache tu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kufagia uwanja kwa fagio la chelewa, na alifagia kwa ustadi hadi michirizi ya fagio inabaki imejipanga kwenye mchanga. Alilala baada ya kila mtu kulala. Katikati alichota maji, akafua, akapika, akasugua, akanibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, akanipigia pasi sare nilipokuwa mkubwa. Hakuenda sekondari. Tukisema "nyumba ya mama ilikuwa safi," tunamsahau yeye, na mama mwenyewe ukimuuliza atakuambia, maana hana unafiki: "Ningeweza wapi peke yangu, na madaftari ya darasa zima nayasahihisha usiku?"

Leo dada wa kazi ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, siku 6, saa 45 kwa wiki. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unataka wapumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Chukua kalamu upige hesabu. Ndani ya saa 45 toa kupika, toa kufua nguo za watu watano kwa mkono, toa kumsubiri mtoto stendi ya basi la shule na kumlisha, toa foleni ya maji siku ambayo bomba limekauka. Kilichobaki ndicho cha kufagia, kudeki na choo. Kufuta vioo vya madirisha kila siku, kusugua sufuria kwa nje, kupiga pasi mashuka na kufuta majani ya maua ya plastiki moja moja, hayamo. Ukiyataka na hayo, jua unayalipia kwa usingizi wa mtoto wa mtu.

Dada wa kwetu anaondoka Jumamosi jioni na kurudi Jumatatu asubuhi. Jumapili nyumba inakuwa mikononi mwetu wenyewe, na mgeni akitaka kutujua aje siku hiyo. Atakuta mito ya kochi iko chini kwa sababu imegeuzwa kuwa meli. Atakuta mabaki ya chapati kwenye meza. Atakuta choo kimesuguliwa na kina sabuni, kwa sababu choo ni zamu ya mume wangu na hafanyi mchezo nacho. Anakisugua huku redio inatangaza mpira, na timu yake ikifungwa ndipo kinapotakata zaidi. Nilichomkataza ni kuchanganya dawa. Alikuwa na imani kwamba jiki ikikutana na ile dawa kali ya kung'oa uchafu wa chooni, nguvu inakuwa mara mbili. Inayotoka hapo ni gesi ya klorini, na kwenye vyoo vyetu hivi vyenye kidirisha cha juu cha kiganja kimoja, inakukaba koo kabla hujauona mlango. Moja kwa wakati wake, maji mengi katikati. Na jiki haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Osha kwanza kwa sabuni, ndipo uipake.

Mtoto wetu wa kati ana pumu, naye kabadilisha sebule kuliko fundi yeyote. Daktari aliuliza kuhusu vumbi, nikamjibu kwa kujiamini kwamba tunafagia kutwa mara mbili. Akauliza tunafagia vipi. Kumbe kufagia pakavu ni kulirusha vumbi hewani, nusu ya saa baadaye linarudi kukaa palepale, na katikati hapo mtoto amelivuta. Sasa chini tunapitisha dekio lenye unyevu, madirisha ya luva na nyavu tunapitisha kitambaa kilichokamuliwa. Kisha nikaanza kutazama vitu vya urembo kwa jicho la pumu: kapeti la manyoya, pazia zito la tabaka mbili, vitambaa vya kochi, vya meza, vya redio, vya juu ya televisheni, na maua ya plastiki ambayo kila petali ina rafu yake ya vumbi. Vitu tulivyoviweka ili nyumba ionekane safi ndivyo vilikuwa ghala la uchafu wenyewe! Kapeti tumempa shemeji mwenye nyumba kubwa. Mapazia yamebaki mepesi yanayofulika. Vitambaa vya mama, vile vya maua ya waridi, nimevikunja sandukuni na havitupwi hata kwa dawa.

Viatu vinabaki mlangoni. Hili Waswahili hatukufundishwa na kampeni yoyote. Mtu alivua viatu barazani kwa sababu ndani watu wanaswali, wanakaa mkekani, watoto wanatambaa. Ukiangalia udongo, mate na mafuta ya barabarani yanayokuja na soli, kuvua viatu ni kazi ya deki nusu iliyofanyika bila maji. Fundi aliyekuja kutengeneza king'amuzi aliona aibu ya soksi yake iliyotoboka. Nikamwambia kwetu zimetoboka zote.

Na masika. Kuanzia Machi mpaka Mei pwani hii hakuna mwenye nyumba kavu. Nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado zinatoa uvundo, mkoba wa ngozi unaota ukungu wa kijani kabatini, ukuta wa kaskazini unapiga madoa meusi, watoto wanarudi na matope mpaka masikioni. Miezi hiyo viwango vinashuka, na havishuki kwa siri. Tunafungua madirisha jua likichomoza hata kwa saa moja, tunafuta ukungu kwa jiki iliyochanganywa na maji, tunaongeza kamba ya pili barazani, mengine yanasubiri Juni.

Yapo yanayosubiri hata zaidi ya hapo. Chumbani kuna kile kiti. Kila nyumba ninayoijua inacho: hakikaliwi, kinabeba nguo ambazo hazijachafuka za kwenda kufuliwa wala si safi za kurudi kabatini. Nilijaribu kukiondoa, nguo zikahamia kwenye mbao za kitanda. Nimekirudisha. Kabati la vyombo vya wageni halijafunguliwa tangu Idi. Mtoto mkubwa akikunja nguo zake anazikunja mviringo, zinaingia droo, droo inafungika, nimekaa kimya. Vyombo anaosha yeye siku za wiki akitoka shule, na jikoni kunabaki maji chini ya kuvulia samaki. Mwanzoni nilikuwa napita nyuma yake kurudia, mpaka akauliza kwa upole tu kwa nini asiache niwe naosha mwenyewe toka mwanzo. Nikaweka tambara kubwa chini ya sinki, nikatoka jikoni.

Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Muheza na gunia la machungwa. Hajakaa vizuri, ameshaingia jikoni, ameshanyanyua sufuria ya maharage, ile inayokaa kwenye mkaa kwa sababu gesi ni ghali, nyeusi tititi kutoka kitako mpaka mdomoni.

"Mwanangu. Hii ndiyo sufuria ya kupikia watu?"

"Ndani ni safi mama."

"Ndani nimeona. Nauliza nje."

Nikampeleka uani kwenye pipa. Akafunua mfuniko, akapandisha mkono wa gauni, akaingiza mkono hadi kwenye kwapa na kupapasa ukuta kwa ndani, juu ya maji, akizunguka polepole. Akatoa mkono, akaunusa, akaukausha kwenye kanga.

"Pipa sawa," akasema. "Nani analisugua?"

"Baba watoto."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akarudi jikoni, akavuta kigoda, akaagiza majivu, akamwita mjukuu wake mkubwa aje ajifunze kwamba sufuria kabla haijapanda mkaani hupakwa kwa nje sabuni, au majivu yaliyotiwa maji, ili masizi yakija yasishike, yasafike kwa mpapaso mmoja. Kijana akauliza kwa nini mama hajawahi kumfundisha hivyo. Bibi yake akanitazama, hakusema kitu. Ile ya maharage sasa inang'aa. Zilizobaki zipo, akirudi Desemba atazikuta.